Nyumba ya Bi Mejumaa

Mwezi uliopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, kwenye hitima ya Mwanasha. Nina miaka themanini na mitatu, na magoti yangu hayapendi tena ngazi za mabasi, lakini ile safari sikutaka mtu anifanyie. Baada ya dua, watu walipokuwa wakila, mwanawe mkubwa alikuja akakaa karibu nami akaniambia kwamba wote waliomjua mama yake akiwa msichana wameshatangulia, nimebaki mimi peke yangu. Akataka nimweleze ile nyumba ya Likoni aliyokulia mama yake, kwa kuwa yeye hakuwahi kuiona kabla haijabomolewa. Nilimweleza kidogo, sahani ya pilau ikiwa mapajani. Mengine nayaandika hapa.

Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kuolewa, na kwamba mimi ni Mhaya wa Bukoba. Mume wangu Rwegasira alikuwa karani katika bandari ya Kilindini. Alikuwa ameshakaa Mombasa mwaka na nusu, akilala na makarani wenzake watatu katika chumba kimoja, alipokuja nyumbani kunioa na kunichukua. Tulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha tukapanda treni, na njia nzima alinieleza habari za chumba alichotupatia Likoni, kusini mwa bandari, mwendo wa robo saa kutoka kwenye feri. Aliniambia kina dirisha. Aliniambia mwenye nyumba ni mtu mwema. Asichoniambia, kwa sababu naye alikuwa mwanamume na hakulifikiria, ni kwamba yeye angeondoka kila asubuhi kwenda kazini, na mimi ndiye ningeishi katika nyumba ya watu.

Ilikuwa nyumba ya udongo na mawe, imepakwa chokaa, na paa lake la makuti. Mbele palikuwa na baraza, ndani ukumbi mrefu uliotoboa nyumba hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Chetu kilikuwa cha pili mkono wa kulia. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, misumari minane ukutani iliyoachwa na mpangaji wa zamani, na lile dirisha, ambalo lilitazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa. Nilinusa chokaa, moshi wa kuni na asumini. Bi Mejumaa, mwenye nyumba, alitupokea ukumbini. Alikuwa Mdigo, mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, na alisema polepole kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno. Alinitembeza uani. Hiki kisima, maji huchotwa asubuhi. Hili jiko, yako ni yale mafiga ya karibu na ukuta. Viatu vyaachwa mlangoni. Mlango wa chumba haufungwi mchana ila kwa mgonjwa. Nikamjibu, "Nimeelewa." Aliniangalia kidogo, akatabasamu, akaenda zake. Ilinichukua majuma kadhaa kujua kwamba nilikuwa nimemjibu kama mwanafunzi anavyomjibu mwalimu, na kwamba pale mtu angesema "Inshallah" au "Haya, mama," au lolote jingine lenye joto ndani yake.

Kiswahili changu kilikuwa cha shule, na nilikuwa nikijivunia. Nilipata alama nzuri. Pale Likoni niligundua kwamba nilikuwa na maneno lakini sikuwa na lugha. Nilisema "Nipe kisu" nikidhani nimeomba, kumbe nimeamrisha. Mwanasha, binti wa pekee wa Bi Mejumaa, alikuwa na miaka kumi na saba, na alichukua jukumu la kunifundisha bila ya kuulizwa na mtu. Alikuwa akikaa kwenye kibao, akisuka ukili wa mikeka, na macho yake hayakuhitaji kutazama vidole. Aliniambia kwamba kisu huombwa hivi: kwanza unamuuliza mwenzako ameamkaje, kisha unamsifia mchicha wake, kisha unasema kama hukitumii hicho kisu nami nitakirudisha sasa hivi. Nikamwambia kwa mwendo huo wali utaungua. Akasema wali wa mtu mwenye adabu hauungui. Siku moja Bi Mejumaa aliniita kutoka jikoni, nami nikamjibu kutoka chumbani, "Nini?" Uani kazi zikasimama. Hata mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja Mgiriama aliyeuza maandazi na asiyependa kuingilia ya watu, aliacha kukanda unga. Mwanasha akaja mlangoni kwangu akaninong'oneza, "Abee. Ukiitwa, useme abee." Nikasema abee, nikiwa nimechelewa, na Bi Mejumaa akaendelea na alilotaka kuniambia kana kwamba hakusikia lile la kwanza.

Siku hizi wajukuu wangu wakienda kukaa nchi za watu hunitumia picha za vyumba vyao: kitanda, jiko, dirisha. Huwa nawauliza nani anakaa mlango wa pili, na mara nyingi hawajui. Sisi hatukuwa na nafasi ya kutojua. Juma la kwanza Bi Mejumaa alisikia kwamba watu wa kwetu chakula chao ni ndizi, akaniletea bakuli lililofunikwa kwa kawa. Nilipofunua nikakuta ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki. Alisimama aone nikionja. Kwetu ndizi hupikwa mbichi, kwa maharage au samaki mkavu na chumvi, na ndicho chakula chenyewe. Ile ilikuwa kama mtu kukupikia ugali kwa asali. Nilitia kijiko mdomoni, na machozi yakanitoka. Bi Mejumaa aliyaona, akadhani ni furaha, au labda alijua si furaha, akasema tu, "Kula, mwanangu, ziko nyingine." Nikala zote. Jioni Rwegasira aliporudi alinikuta nimelala kifudifudi, tumbo limejaa, nikilia kwa kutaka kwetu.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililokaribia kututoa katika nyumba ile. Ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, nilikuwa nimeleta chipukizi la mgomba kutoka shamba la mama yangu, nimelizungushia gunia bichi. Rwegasira hakujua. Asubuhi moja Bi Mejumaa na Mwanasha walipokwenda shambani kuchimba muhogo, nilichukua jembe lililoegemezwa ukutani nikachimba nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yalipotokea. Mgomba hupenda maji ya namna hiyo. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia ni mmea tu, tena nyuma ya bafu. Lakini nakumbuka nilichimba haraka, na kwamba nilisafisha jembe kabla ya kulirudisha, na mtu asiyekuwa na hatia hasafishi jembe la watu vizuri namna ile.

Kwa majuma matatu chipukizi langu halikuonekana. Kisha likatoa jani, kijani kibichi, limejikunja kama karatasi, na Ijumaa ile ile Kassim akaliona. Kassim alikuwa kaka yake Bi Mejumaa, mtu mwembamba, mwenye shamba la minazi upande wa Mtongwe, ambaye kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula chakula cha mchana kwa dadake. Wakati ule barazani hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya mwambao: kama pwani itakuwa pamoja na Kenya au itasimama peke yake, na kama watu wa bara watakuja kuchukua ardhi. Mimi niliyasikia dirishani, na kila waliposema "watu wa bara" niliacha kushona. Siku ile Kassim alitoka bafuni akaenda moja kwa moja jikoni, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini niliisikia yote. Alisema kule Mtongwe ukoo wao ulimpangisha mtu kiwanja, mtu huyo akapanda mikanju, ile mikorosho, bila idhini, na alipotakiwa ahame akasema haondoki, miti ni yake. Kumwondoa kuliwachukua miaka sita. Alisema mpangaji apandaye anataka mizizi. Mche ule ung'olewe, na mpangaji mwenyewe apewe mpaka mwisho wa mwezi atafute pengine.

Bi Mejumaa hakunifukuza, wala hakuniambia kitu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kwa siku mbili alinipita uani na salamu fupi, na Mwanasha aliweka macho yake kwenye ukili. Rwegasira aliposikia alikaa kitandani akashika kichwa. Nyumba karibu na feri zilikuwa hazipatikani, na makarani walikuwa wakigombania hata vibanda. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwa Kihaya kwa nini sikumwambia. Akavaa shati safi akaenda kuomba msamaha, akarudi baada ya muda mfupi. Bi Mejumaa alikuwa amemkaribisha vizuri, akamwambia kwamba yeye hana kosa, kwa sababu si yeye aliyepanda.

Basi asubuhi iliyofuata nilikwenda mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumbani mwake. Palikuwa na kitanda kirefu chenye chandarua, sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, alimoweka vikombe vya shughuli na lisilofunguliwa bila idhini yake, na mkeka mpya sakafuni, ambao alinionyesha nikae. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi usiku kucha, na yote yakapotea. Nikasema, "Bi Mejumaa, nimekukosea." Hakusema hapana, hukunikosea, kama watu wanavyosema kwa adabu. Aliniuliza, "Huko kwenu, mgeni akija akipanda mgomba katika kiwanja cha mtu, mwasema nini?"

Ningeweza kumdanganya, asingejua. Lakini swali lile lilinipiga mahali penyewe. Kwetu Bukoba mgomba si mti tu. Boma la mtu ni migomba yake. Ndani yake mna nyumba yake na makaburi ya watu wake, na mtu akipanda migomba mahali anatangaza kwamba hapo ni pake, na wanawe watarithi. Hayo niliyajua tangu utoto. Niliyajua siku ile nilipokuwa nikichimba nyuma ya bafu. Nikamwambia, "Baba yangu angemfukuza kwa panga."

Bi Mejumaa alinitazama, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa akicheka bila sauti, leso mdomoni. Alipomaliza akaniambia, "Basi Kassim ana nafuu, hakuja na panga." Kisha akawa mtu wa kazi tena. Akaniambia Ijumaa, kaka yake atakapokuwa amekaa, niung'oe ule mche kwa mkono wangu, yeye akiona. Nikauliza niutupe wapi. Akasema nisiutupe, nimpe yeye.

Ijumaa ilikuja. Kassim alikaa kwenye kiti uani, kofia yake gotini, na Rwegasira, aliyeomba ruhusa kazini, alisimama ukutani na tai yake. Nilichimba kwa vidole ili nisikate mizizi. Ulitoka na bonge la udongo. Nikamwomba Kassim radhi, nikamwambia sikuja kutafuta mizizi kwenye ardhi ya watu, nilikuja na hamu ya kwetu. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa mche Bi Mejumaa kwa mikono miwili. Naye akauchukua, akachukua jembe, akarudi kwenye shimo lile lile akaupanda tena, akakanyaga udongo kwa kisigino, kwa utulivu, kama mtu ambaye hatazamwi. Kaka yake akasema, "Mejumaa." Akamjibu bila kugeuka kwamba mtu kupanda kwake haombi ruhusa kwa kakake. Kisha akaniambia mimi, "Huu mgomba wangu. Ukizaa, utakuja uniombe." Kassim akaichukua kofia yake gotini akaivaa. Halafu akauliza kama chakula ki tayari.

Ulizaa mwaka uliofuata, mkungu mdogo, maana haukupenda mchanga na upepo wa chumvi. Niliomba kwa mwendo mrefu niliofundishwa, nikianza na salamu na mchicha, mpaka Mwanasha akashindwa kujizuia kucheka. Nilipewa nusu. Niliipika kwa maharage na chumvi, na nyumba nzima ikaonja, na Bi Mejumaa akasema kwa upole kwamba ni chakula kizuri, kimekosa tui tu.

Nikikumbuka miezi iliyofuata Ijumaa ile, naona zaidi ya yote uani pale, saa za asubuhi, jua likiwa bado upande wa kisima. Nilijifunza kukamua tui la kwanza na la pili kwa kifumbu. Nilijifunza kula mahamri na mbaazi kabla ya kazi, na kupaka samaki kwa nazi na ndimu, na kukaa. Kukaa lilikuwa jambo kubwa. Kwetu mwanamke akikaa bila kazi huulizwa kama anaumwa. Pale, baada ya alasiri, tulikaa tu, tukisikiliza mama wa maandazi akisimulia ya wateja wake, na hakuna aliyeona kwamba muda umepotea. Mwanasha alinifundisha ukili, nami nikamfundisha kushona kwa cherehani ya mkono ambayo Rwegasira aliniletea. Majirani, waliodhani Bukoba iko Uganda, waliacha kuniita Mganda. Waliniita Mama Rwega, ingawa sikuwa na mtoto.

Mwisho wa mwaka ule tuliofika mvua ilinyesha kama haitakoma. Njia ya kwenda feri ikawa mto, na makuti yakaanza kuvuja chumba baada ya chumba, hata tukakosa vyungu vya kukingia maji. Kulipopambazuka na jua, Kassim alikuja na mafungu ya makuti mapya begani, na watu wawili. Alipanda juu ya paa, akatembea akipima kwa mguu, akaanza kuezeka upande wa kulia, chumba cha pili. Hakusema kwa nini alianza na chetu. Nilimpelekea chai ya tangawizi chini ya ngazi, akashuka akainywa, akaniambia sukari imetosha.

Katika siku zile zile Tanganyika ikapata uhuru. Asubuhi yake Rwegasira alivaa suti ya harusi kwenda kazini, na barazani watu walimpa mkono mmoja mmoja. Bi Mejumaa alikaanga mahamri mengi kuliko kawaida, akaniletea mwenyewe chumbani. Akakaa kando ya kitanda. Akasema, "Sasa mna nchi yenu. Mtarudi?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso. Nami niliyelala nikilia kwa kutaka kwetu miezi minane kabla, nilitafuta ndani yangu ile hamu, nikaikuta imekuwa ndogo, kama kitu unachokipenda ambacho kiko mahali salama. Nilimwambia bado, mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama bila ya kuongeza jina lake. Tulikaa pale miaka minne zaidi, tukaona na bendera ya Kenya ikipanda, na watoto wangu wawili wa kwanza walitambaa katika ukumbi ule. Bi Mejumaa alifariki miaka mingi baadaye. Nilimzika pamoja na Mwanasha, kama mwanawe.

Lakini mwaka wangu wa kwanza ulimalizika kwa posa ya Mwanasha. Baada ya Idi walikuja wazee wanne kutoka Tanga, Wadigo wa upande ule wa mpaka, kumposea kijana wao fundi viatu, ambaye Mwanasha alishamwona mara mbili harusini. Walikaa ukumbini kwenye mikeka pamoja na Kassim, na sisi wanawake tulikuwa uani tukisubiri. Kassim ndiye mjomba. Neno la mwisho lilikuwa lake. Baada ya muda alitoka akaja uani, na nilidhani anamtafuta dadake. Akasimama mbele yangu. Akasema, "Mwanangu, ingia kwa Mwanasha umwulize. Mimi ataniambia linalonipendeza mimi, na mamake vilevile. Wewe atakwambia la kwake."

Nilimkuta kitandani mwa mamake, ukili mkononi, lakini vidole havikwenda. Aliniuliza Tanga ikoje, kwa kuwa ni nchi yangu. Nikamwambia sijawahi kufika Tanga. Tukacheka wote, kisha akaacha kucheka kabla yangu. Akasema yule mtu anamtaka, tangu siku ile ya kwanza anamtaka. Anaogopa nyumba. Nyumba ya watu, asiyojua nani analala wapi. "Wewe uliwezaje?"

"Sikuweza," nikamwambia. "Nilikuwa nikilia kisimani, ili ndoo isikike kuliko mimi. Wewe ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nikakufundisha kuomba kisu."

Alikunja ukili wake akauweka kando, akajifuta uso. Akasema niende niwaambie ndiyo. Nilipofika mlangoni akaniita akaniambia niwaambie vizuri, nisije nikasema kama mwanafunzi.

Nilisimama penye mlango wa ukumbi, leso kichwani. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja, nikawauliza ya safari, nikawauliza waliowaacha nyumbani hawajambo. Nikawaambia kwamba mwana wetu amelisikia neno walilokuja nalo, na ameridhia kwa moyo wake, na anawaomba wamchukue kama mtoto, kwa kuwa hajui njia za nyumba yao. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisikia lafudhi yangu, kwa maana haikutoka kabisa mpaka leo. Akamgeukia Kassim akauliza kwa adabu huyu bibi ni wa wapi.

Kassim hakufikiri. "Wa nyumba hii," akasema. "Alilolisema ndilo letu."

Uani vigelegele vikapasuka, sauti ya Bi Mejumaa ikiwa juu ya zote. Kassim akanionyesha kwa kichwa kwamba wageni wapewe kahawa, nami nikaenda moja kwa moja kwenye lile sanduku la misumari ya shaba, nikafungua, nikatoa vile vikombe vidogo vya shughuli, vyote kumi na viwili, bila ya kumwuliza mtu.